Walitutoa damu, wakajaza tableti zao, wakaenda zao: hizi taasisi za utafiti zinamfaa nani?

SWALI: Naishi Kayole, Nairobi, nauza mitumba, nina watoto watatu. Tangu nihamie hapa watafiti wamekuja kwangu mara kadhaa. Ni vijana wenye adabu, wamevaa fulana za nembo, wana tableti. Wanauliza jana tulikula nini, choo tunatumia watu wangapi, mtoto aliharisha lini. Safari moja walitutoa damu mimi na kitindamimba wangu. Tulipewa soda na kipande cha sabuni, na mpaka leo sijasikia neno. Sasa binti yangu mkubwa amemaliza Form Four, amefanya vizuri, anataka kwenda chuo kikuu kusomea sayansi. Najiuliza kama nauza nguo nimlipie karo aende akawe kama wale. Daktari, niambie bila kunizungusha: hizi taasisi za utafiti na hivi vyuo vinamfaa nani? – Mama wa Kayole

JIBU: Mama, waliokutoa damu wakapotea walikukosea. Hata kama majibu yako yalikuwa mazuri, na hata kama utafiti wenyewe umewafaa watu mahali fulani, kukuacha hivyo ni deni ambalo halijalipwa. Nimekaa kwa miaka kwenye kamati ya maadili, ile inayosoma mapendekezo ya utafiti kabla hayajafika mtaani kwenu. Karibu kila pendekezo lina ukurasa unaoahidi kurudisha matokeo kwa jamii. Mara nyingi ukurasa huo huandikwa mwisho kabisa, na fedha zikipungua bajeti yake ndiyo hukatwa kwanza. Tukiuliza, tunaambiwa kutakuwa na baraza kwa chifu. Baraza lenyewe wachache tu hulikumbuka mradi ukishaisha.

Hilo nimelikubali. Lakini umeuliza zinamfaa nani, na jibu lake linaanzia jikoni kwako.

Chukua unga wa ugali. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya mahindi iliyoitwa 611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi yaliyokuwa yakilimwa huku kwetu na aina iliyotoka Ecuador. Ndugu zake ndio hao kina 614 ambao mkulima wa Trans Nzoia anawataja kama anayetaja jamaa zake. Miaka karibu hamsini baadaye, 2011, wakulima wa Bomet wakaona mahindi yanakauka kuanzia majani, shamba zima linaisha huku magunzi hayana punje. Watafiti waligundua ni virusi viwili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja. Kufikia 2013 shirika la serikali la utafiti wa kilimo, likishirikiana na kituo cha kimataifa cha mahindi, CIMMYT, lilikuwa limefungua shamba Naivasha ambako mbegu hupandwa makusudi kwenye ugonjwa huo ili ionekane ipi itasimama. Hakuna aliyekuja Kayole kukuambia. Bei ya unga ilipanda na kushuka kwa sababu nyingine mia, na kazi ile ikapotea ndani yake.

Sotoka nayo ni hivyo hivyo. Ugonjwa huo ulifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji mikono mitupu. Chanjo iliyoumaliza ilitengenezwa hapa Muguga, kati ya Kikuyu na Limuru, na Walter Plowright na wenzake, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mara ya mwisho ulionekana 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru, na 2011 dunia ikatangaza kwamba umetokomezwa. Kwa historia yote ya binadamu ni magonjwa mawili tu yaliyowahi kufutwa namna hiyo, ndui na sotoka, na huo wa pili ulipigwa kwa silaha iliyotoka karibu na steji ya matatu ya Limuru. Na katika hatua za mwisho, waliosaidia kujua ugonjwa umejificha wapi ni wafugaji wenyewe, ambao hawajaingia darasa lolote la udaktari wa mifugo lakini walijua dalili zake kwa macho na kwa majina.

Kwa hiyo faida ipo, na imekufikia, ila haina jina wala risiti. Ndiyo maana inakuwa rahisi kudhani haipo.

Halafu kuna hiyo damu. Najua yanayosemwa mitaani, kwamba inauzwa. Kiasi kinachotolewa kwa vipimo vingi ni kama kijiko kimoja cha chai, na hakuna soko la kijiko cha chai cha damu ya Kayole. Thamani yake iko kwenye swali ambalo haliwezi kujibiwa bila wewe, na hapo nakuomba univumilie kidogo.

Mtoto mwenye homa kali anafikishwa hospitali. Mikono baridi, mapigo ya moyo hafifu, amelegea. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kumwekea dripu nyingi kwa haraka, mwili upate maji, damu izunguke. Ilikuwa kwenye vitabu, na ilionekana ni jambo lisilohitaji kujadiliwa. Kisha watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, kituo cha Kilifi kikiwa mstari wa mbele, wakaamua kulipima. Watoto zaidi ya 3,000 wakaingizwa kwa ridhaa ya wazazi wao, wengine wakapewa dripu ya haraka, wengine wakatunzwa bila hiyo dripu. Mwaka 2011 matokeo yalitoka. Waliomiminiwa maji kwa haraka, karibu asilimia 10.6 walifariki ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Tiba ambayo kila mtu aliiamini ilikuwa inaua watoto, na hakuna daktari hata mmoja, awe mzoefu namna gani, angeligundua hilo kwa kutazama wagonjwa wa wodi yake tu. Ilibidi wahesabiwe wengi, kwa utaratibu, na wazazi ambao watoto wao walikuwa taabani wakubali kuhesabiwa. (Usije ukasoma hapa kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji. Huyo anayahitaji, na utafiti huu haukumhusu.)

Hiyo ndiyo kazi ambayo duka, kanisa, kampuni wala ofisi ya mbunge haiwezi kutufanyia: kuchukua jambo ambalo wote tunaliamini na kuuliza kama ni kweli. Taasisi ikiacha kazi hiyo haitufai tena. Wenye umri wangu tunaikumbuka Kemron, dawa ya vidonge ambayo mwaka 1990 ilitangazwa na Rais Moi mwenyewe, kwamba taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, imepata dawa ya UKIMWI. Watu walisafiri kutoka nje kuja kuitafuta. Majaribio yaliyofanywa baadaye hayakuona faida yake. Sayansi ikitangazwa na mwanasiasa kabla haijakaguliwa na wanasayansi wengine, anayeumia ni mgonjwa aliyeuza shamba.

Sasa nije kwa jirani zako, maana hapa ndipo jibu langu lilipo hasa.

Kutoka kwako hadi jaa la taka la Dandora ni mwendo mfupi wa boda. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, ambalo makao yake ni Gigiri, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 wanaoishi na kusoma kando ya jaa hilo. Nusu ya waliopimwa walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati ule. Udongo nao ulipimwa, ukakutwa na risasi na metali nyingine nzito. Risasi kwenye damu ya mtoto huathiri ubongo unaokua, na haiponi kwa Panadol. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa kwenye mikutano, ikatajwa na magazeti. Jaa bado liko pale, na watoto waliopimwa siku hizo sasa ni watu wazima.

Mfano wa pili uko Mombasa. Kijiji cha Owino Uhuru kiliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Mmoja wa wafanyakazi, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga anaugua, akapimwa, ikakutwa risasi mwilini mwake. Aliondoka kazini, akaanza kuwahimiza majirani wapimwe. Vipimo vya damu na vya udongo vikaja mikononi mwa wanakijiji wenyewe. Waliandamana, wakakamatwa, wakaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda kwa rufaa na fidia ikafutwa, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Sumu ni ile ile, na maabara zinaipima kwa namna ile ile. Ninavyoona mimi, tofauti kubwa ni nani alibaki na karatasi. Owino Uhuru majibu yalikuwa ya mama fulani, ya mtoto fulani, na mwenye majibu alijua maana yake na mlango wa kupeleka. Dandora majibu yalikuwa ya sampuli.

Hata ukiwa na karatasi si kwamba umeshinda. Kule Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, wakazi, wakiwa pamoja na Muungano wa Wanavijiji, ambao ni umoja wa watu wa mitaa ya mabanda, vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore, na mawakili, walikusanya wenyewe takwimu za maisha yao. Walionyesha kwamba mtu wa Mukuru hulipia maji na stima bei mbaya kuliko mwenye nyumba ya mtaa wa kitajiri, na anapata huduma mbovu zaidi. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na barabara na mabomba yakaanza kufika. Hata hivyo mwaka 2021 tingatinga liliingia Mukuru kwa Njenga, nyumba za maelfu zikaangushwa kupisha barabara. Takwimu hazikulizuia. Lakini ukilinganisha na mtaa ambao hauna hata karatasi moja ya kuonyesha ni watu wangapi wanaishi pale, mimi ningechagua Mukuru.

Utaniuliza, mbona basi matokeo hayarudi? Sababu moja ni uzembe, nimeshaisema. Nyingine ni fedha. Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 inasema hazina ya taifa ya utafiti ipewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujawahi kuikaribia. Pengo hilo hujazwa na wafadhili wa nje, na anayelipa ndiye huchagua swali. Ndiyo maana unaweza kuulizwa mara nne kuhusu ugonjwa mmoja, na usiulizwe hata mara moja kuhusu moshi wa jaa. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha fedha zake za misaada, miradi ilifungwa hapa Nairobi katikati ya kazi, na wahojaji wakarudishwa nyumbani.

Haikulazimika kuwa hivi. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesomea wadudu Makerere na Cambridge, alibishana tangu miaka ya 1960 kwamba Afrika iwe na vituo vyake vinavyojiulizia maswali yake. Mwaka 1970 akaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, ambacho leo kiko Kasarani. Huko ndiko ilitoka mbinu ambayo wakulima wa magharibi mwa nchi huiita vuta-sukuma: katikati ya mahindi unapanda desmodiamu ambayo harufu yake inamfukuza nondo wa kipekecha shina, pembeni mwa shamba unapanda nepia inayomvuta. Desmodiamu hiyo hiyo inaua kayongo, lile gugu la maua ya waridi linalonyonya mizizi ya mahindi, na majani yake unalisha ng'ombe. Wazungu wa Rothamsted kule Uingereza walikuwemo kwenye kazi, pia fedha za nje, lakini swali lilikuwa la mkulima wa Mbita ambaye hana pesa za dawa.

Kuhusu binti yako. Wale vijana wa tableti wengi wana shahada, na mkataba wa miezi michache. Sitakuficha hilo. Shahada ya kwanza ya sayansi peke yake haitoi kazi Nairobi ya leo, na anayekwambia inatoa anataka karo yako. Akae chini aamue anataka nini. Kama anapenda kazi ya mikono ya maabara, diploma ya maabara ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni njia fupi na yenye leseni ya kazi mwishoni, na anaweza kuongeza shahada baadaye akiwa analipwa. Kama ni maswali yenyewe yanayomnyima usingizi, basi chuo kikuu, lakini achague kozi yenye hesabu na takwimu za kutosha, na aanze kutafuta atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mapema, mwaka wa pili, kwenye taasisi hizi hizi za Muguga, Kabete, Kasarani na barabara ya Mbagathi. Huchukua wanafunzi. Wengi hawaombi kwa sababu wanadhani ni za watu wengine. Na mtu aliyekulia Kayole ataandika dodoso tofauti na aliyekulia Runda kwa matajiri. Hatauliza tu choo mnatumia watu wangapi, atauliza kinafungwa saa ngapi na nani anashika ufunguo.

Watafiti wakija tena, usisaini mlangoni ukiwa umesimama. Waombe wakusomee fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, na ubaki na nakala yako. Si fadhila, ni utaratibu. Kwenye nakala hiyo lazima pawe na jina na simu ya mtafiti mkuu, na simu ya kamati ya maadili iliyopitisha utafiti. Uliza namba ya leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Uliza sampuli itakaa wapi, kama itapelekwa nje ya nchi, na itaharibiwa lini. Halafu uliza swali ambalo huwa linawatoa jasho: majibu yangu mwenyewe nitapewa lini na nani, na ya mtaa mzima mtayaleta kwenye baraza gani? Wakisema hawajui, una haki ya kukataa, na hakuna huduma ya hospitali unayoweza kunyimwa kwa kukataa. Sabuni ni ya kukufidia muda wako, hainunui ridhaa yako.

Na kwa utafiti ule uliopita bado hujachelewa. Tafuta ile fomu. Ukiipata, piga simu ya kamati ya maadili, siyo ya mtafiti, useme tu kwamba ulishiriki, mtoto wako alitolewa damu, na hujapewa majibu. Kamati zinaogopa simu hizo kuliko unavyodhani. Kama taasisi ni ya umma, andika pia barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria yenyewe inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, hulipi kitu kwa kuwasilisha ombi, na wana siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Wakinyamaza, malalamiko yanakwenda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Kama taasisi si ya serikali, tumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kuona wanachohifadhi kukuhusu wewe na mtoto wako.

Usipoipata fomu, waulize majirani waliohojiwa wiki ile. Mara nyingi kuna mmoja aliyeiweka ndani ya Biblia au chini ya godoro. Mhudumu wa afya wa mtaa aliyewatembeza watafiti naye hukumbuka walitoka wapi. Nipigie picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, hata kama umekunjika, unitumie. Jina la kamati huwa kule mwisho kwa herufi ndogo, na barua ya kwanza tutaiandika pamoja.